Rezo ya Baraza la Nyuma

Djamila Ramazani alizaliwa Kalemie, katika ukoo wa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, wakashuka, wakaoa, wakabaki. Baba yake hakurithi biashara hiyo. Alikuwa fundi wa redio za upepo, zile ambazo maparokia na wafanyabiashara wa samaki walizitumia kuitana kabla simu za mkononi hazijafika. Tangu ana miaka tisa Djamila alipanda naye juu ya mapaa kufunga nyaya, na mapema sana alijua kwamba mawimbi yana tabia kama watu. Kuna mahali yanapenda kupita na mahali yanagoma, na kuyalazimisha ni kujichosha bure.

Alipokua alikwenda Kigoma kusomea kompyuta miaka miwili, akarudi, akawa anafunga mitandao katika ofisi za mji. Hapo ndipo alipokutana na Idriss, fundi umeme, mrefu, mwenye maneno machache. Mwezi mzima walibishana juu ya waya mmoja wa jengo la karibu na bandari. Mwisho Idriss alikuja na mwavuli wake chini ya mvua, akasema, "Nilikosea. Wewe njo ulikuwa na haki," yaani yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Wiki mbili baadaye alituma wajomba zake kumposa.

Waliishi miaka sita bila kupata mtoto, na watu walisema waliyosema. Nyumbani mwao alikaa pia Mwanamisi, mama yake Idriss, mjane aliyependa kuamka mapema na kufagia uwanja kabla jirani yeyote hajafungua mlango.

Mwezi wa kumi, mwaka 2016, Idriss aliitwa na kampuni moja ndogo ya Lubumbashi. Walitaka mafundi wanne waende Piana-Mwanga, karibu na Manono, kukagua mitambo ya zamani ya umeme, waone kama kuna kitu kinachoweza kufufuliwa. Kazi ya miezi miwili. Djamila alimfungia nguo, akamsindikiza mpaka kwenye kamyo, lori lililowabeba mafundi, na kwa kuwa watu walikuwa wengi hawakuagana zaidi ya kupeana mkono.

Kisha njia ikafungwa. Vita vya msimu ule havikuja na vifaru. Vilikwenda kijiji kwa kijiji, Watwa na Waluba, mishale na moto, watu waliokuwa wamechota maji mto mmoja tangu mababu. Magari yaliacha kupita Nyunzu. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Idriss alipiga simu kutoka Manono, akasema wamesitisha kazi, wanatafuta njia ya kurudi. Sauti ilikatika katikati ya neno. Baada ya hapo mnara wa Manono ulinyamaza, watu wakasema mafuta ya kuuendesha hayafiki tena.

Djamila aliipiga ile namba kila siku, asubuhi na jioni, mpaka sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu, ile inayosema mtu hapatikani, ikawa kama ya mtu wa nyumbani. Mwanamisi hakuwa na simu. Kila Djamila alipoingia, mzee aliuliza swali lile lile juu ya mtandao wa simu, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga anazochambua:

"Rezo imepatikana?"

"Bado, Mama."

Walikula.

Mwezi wa saba mji ulikuwa umezungukwa na kambi. Wadeplase, ndivyo walivyoitwa waliokimbia, walijenga vibanda vya nyasi na maturubai kila penye uwazi, na kila asubuhi wengine walifika kutoka upande wa Niemba wakiwa na watoto, sufuria na godoro lililokunjwa. Shirika moja la misaada lilikodi jengo la zamani la reli, la ghorofa moja, lililojengwa wakati wa Wabelgiji. Walitaka kuandikisha familia humo, kugawa dawa, na kutafuta watu waliopotezana. Walikuwa na antena moja ya sahani juu ya paa iliyoleta intaneti kutoka angani, na visanduku vitano vyeupe, kila kimoja kikubwa kama sahani ya wali, vya kutawanya waifai ndani ya vyumba. Walihitaji mtu wa kusema kila kisanduku kifungwe wapi. Wakamtafuta Djamila.

Aliyempokea alikuwa Papa Patrice, mkuu wa vifaa, mwanamume mnene aliyezoea kuzungumza akiwa ameshika funguo. Alikuwa ameshagawa visanduku vyote kwenye karatasi. Kimoja ofisini kwake, kimoja kwa mkurugenzi, kimoja chumba cha mikutano, kimoja chumba cha dawa, kimoja stoo ya uwanjani.

"Na ukumbi wa chini?" Djamila aliuliza. "Kule munaandikisha watu?"

"Rezo ya ofisi itashuka yenyewe."

"Labda. Naomba siku tatu nipime."

Patrice alimwangalia kama anayeombwa siku tatu za kuhesabu nyota, lakini alikubali, akampa mtu wa kumsaidia. Mtu huyo alikuwa Papa Adalbert, mlinzi wa jengo, mwenye miaka sabini na kitu. Zamani alikuwa mtunza stoo wa reli katika jengo lile lile, na shirika lilipokuja lilimkuta amekaa mlangoni, likamwachia kazi aliyokuwa akiifanya bila kuajiriwa na mtu.

Djamila alifunga kisanduku kimoja kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akakiunga na betri, akampa Papa Adalbert akishike juu karibu na dari. Yeye akachukua kompyuta na karatasi ya mirabaraba aliyochorea ramani ya jengo. Alitembea chumba hadi chumba, akisimama kila hatua tano, akisoma namba ya nguvu ya mawimbi, akaiandika mahali pake. Namba zote zilikuwa chini ya sifuri. Toa hamsini ni raha. Toa sabini mtu anavumilia. Ikifika toa themanini na tano ni sawa na kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Akimaliza, walisogeza mwanzi mahali pengine, akaanza upya.

"Mama Djamila," Papa Adalbert alisema siku ya kwanza, akibadilisha mikono kwenye mwanzi, "unatafuta nini hasa?"

"Natafuta mahali ambapo sauti inafika."

Mzee alifikiri. "Basi chini hapa usijisumbue. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka kwenye ukuta uliotenganisha ukumbi wa chini na korido. Ulikuwa umepakwa chokaa kama kuta nyingine. Akaugonga kwa funguo. "Nyuma ya hii kulikuwa chumba cha vitu vya bei. Wabelgiji waliogopa wezi. Walilaza vipande vya reli ndani ya saruji, kimoja juu ya kingine, toka chini mpaka dari. Baba yangu njo alibeba."

Djamila alisimama upande wa korido, akasoma toa hamsini na nane. Akazunguka upande wa pili, ukumbini, hatua nne tu, akasoma toa themanini na tisa. Mahali ambapo watu wangekaa kutaja majina ya watoto wao waliopotea ndipo pasingefika kitu.

Siku mbili zilizofuata walifanya kazi bila kupumzika. Ghorofani kuta zilikuwa za mbao nyembamba zilizoongezwa baadaye, na kisanduku kimoja tu, kikifungwa darini katikati ya korido, kilitosha ofisi zote, ya Patrice, ya mkurugenzi na chumba cha mikutano. Kufunga vitatu kule juu kungekuwa kuharibu, maana visanduku vilivyokaribiana vikitumia njia moja ya mawimbi huingiliana maneno, kama wanawake watatu wanaohadithia mambo matatu mezani pamoja. Kimoja kingekaa chumba cha dawa. Kimoja stoo. Kimoja ukumbini, upande wa pili wa ule ukuta wa reli. Jumla vinne.

Kikabaki kimoja.

Djamila alijua tangu siku ya kwanza anakotaka kiende. Nyuma ya jengo kulikuwa na baraza refu lililoezekwa kwa bati, ambako wadeplase walingoja kuitwa. Walingoja saa nyingi. Wengi walikuwa na simu, ndogo, zilizopasuka vioo, zilizochajiwa kwa vibao vya jua, zisizo na inite, yaani salio, hata ya kupiga mara moja. Aliwaona wakizitoa, wakiangalia kioo, wakizirudisha kifuani. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo hivyo, asubuhi na jioni.

Alimpelekea Patrice ramani yake. Mkuu wa vifaa aliisoma polepole, kidole kikifuata namba.

"Juu nimeelewa," alisema. "Ukumbi nimeelewa. Hiki cha baraza hapana. Ile intaneti ya satelaiti ni nyembamba. Watu mia wakiingia, biro, ofisi zote, zitasimama. Na watu watajaa pale, hata wasio na shida ya kuandikishwa."

"Nitaweka mipaka. Maandishi na sauti tu, hakuna video. Kila simu dakika ishirini, kisha inampisha mwingine. Biro zitapita kwanza."

"Kwa nini unapigania lile baraza, Mama?"

Alikuwa ameandaa jibu. Angesema kwamba mtu anayeweza kuuliza ndugu zake mwenyewe anapunguzia shirika kazi ya kumtafutia, na ni kweli. Alilisema. Kisha akaona kwamba nusu ya ukweli imebaki mdomoni, na hakutaka kufunga kisanduku kile juu ya uongo.

"Mume wangu iko Manono, ama njiani. Miezi mitano sijamsikia. Wanaotoka upande ule wanapita hapa nyuma. Sijui kama nimepanga hivi kwa kazi ama kwa moyo wangu. Namba ni za kweli, unaweza kupima mwenyewe. Lakini ujue."

Patrice aliziweka funguo mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Djamila kumwona bila funguo mkononi.

"Mama yangu mzazi alikuwa Nyunzu," alisema. "Tangu mwezi wa tatu sijamsikia." Akairudisha karatasi. "Funga. Ikisumbua biro, nitaiondoa."

Walifunga siku ya Jumatano. Papa Adalbert alishika ngazi, Djamila akapitisha waya juu ya mlango wa mbao, akakaza skrubu, akashuka. Neno la siri aliliandika kwa chaki kwenye ubao, kwa herufi kubwa. Saa za mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha simu moja ikalia kidogo, ikafuata nyingine, na baraza lote likaanza kutoa milio midogo. Mwanamke mmoja alisikiliza kitu huku ameziba mdomo kwa kanga. Mwanamume aliyekuwa karibu naye aliangalia kioo, akakizima, akaenda kusimama uwanjani peke yake. Si habari zote zilikuwa njema, na Djamila alijua hilo kabla hajapanda ngazi.

Zilipita siku kumi na moja. Aliuliza kila aliyetoka Manono, Kiambi, Ankoro. Mafundi wanne, mmoja mrefu, anaitwa Idriss. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alisema aliwaona, lakini alipoulizwa zaidi ilionekana anataka tu kumfariji.

Siku ya kumi na mbili alikuwa stoo, amepiga magoti akirekebisha waya uliogugunwa na panya, simu yake ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Akaufungua.

"Djamila. Ni mimi."

Alikaa chini, juu ya saruji.

Sauti ilikuwa kavu, nyuma yake jogoo aliwika. Idriss alisema simu yake imeibiwa. Anatumia ya mwalimu mmoja mwema, na mwalimu ameahidi kuubeba ujumbe huu mpaka atakapopata rezo popote. Njia ya Kalemie haipitiki. Wenzake wawili wamebaki nyuma, yeye na mwingine watajaribu kushuka kusini, Pweto. Akakohoa. "Mwambie Mama nakula. Wewe usitume mutu kunitafuta, atapotea bure. Nimekukumbuka sana, sijui nisemeje." Jogoo akawika tena, ujumbe ukaisha.

Alirudia mara tatu kabla hajapata akili ya kuipiga ile namba. Akaweka simu sikioni, na kupitia dirisha la stoo, kutoka barazani, akasikia simu ikilia.

Alikimbia. Mtu aliyeshika simu iliyolia alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti lisilo na vifungo, miguu imefungwa vitambaa. Aliitwa Germain, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amefika asubuhi ile.

"Mimi njo Djamila," alimwambia.

Mwalimu alisimama kwa heshima, ingawa miguu ilimuuma. "Nilibeba sauti yake siku arobaini na tatu, Mama. Kila nikipata jua nilichaji simu, nikaiangalia. Ilikuwa bado na kile kialama cha kungoja. Leo nimeandika lile neno la ubaoni na imeondoka yenyewe."

"Ulimwacha wapi?"

"Kiambi. Alikuwa mzima. Viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu." Alifikiri, kama anayetafuta kitu kingine cha kumpa. "Alinisaidia kutengeneza kibao cha jua. Waya ulikatika, akauunga na karatasi ya sigara."

Djamila alimpeleka kwa muuguzi afungwe miguu, kisha akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mwanamisi alikuwa uwanjani. Aliinua macho, akaona uso wa mkwewe, akaacha kuuliza.

Djamila alimwekea simu sikioni. Mzee alisikiliza hadi mwisho, bila kusogea.

"Rudisha nyuma. Pale anakohoa."

Djamila akarudisha.

"Tena."

Akarudisha. Mwanamisi alifumba macho. "Njo yeye. Anakohoa vile tangu mutoto, mara mbili, kisha anameza mate." Akachukua ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Siku arobaini na tatu ni nyingi. Djamila alielewa hilo vizuri kuliko yeyote: alichopokea hakikuwa Idriss wa leo, kilikuwa Idriss wa mwezi mmoja na nusu uliopita, na njia ya Pweto nayo ilianza kuwaka moto mwezi ule ule. Alimsikia, akazidi kumkumbuka. Kabla ya hapo alitamani habari yoyote. Sasa alitamani mambo madogo yenye jina, ule mkono alioushika kwenye kamyo, ule mwavuli, ubishi wa waya. Alijuta kwamba hawakukumbatiana mbele za watu.

Aliendelea na kazi. Kila asubuhi alikagua baraza, akafuta vumbi kwenye kisanduku, akawafukuza manyigu waliotaka kujenga pembeni yake. Mara mbili intaneti ilizidiwa, Patrice akashuka na funguo zake, akasimama barazani, akawatazama watu walioinamia simu, akapanda tena bila kusema. Mama yake hakupatikana. Papa Adalbert alijifunza kusoma namba kwenye kompyuta, akawa anawaambia wageni wasimame wapi: "Sogea huku, Mama, hapo ni toa themanini, hapa toa sitini." Mashirika mengine yalisikia, yakamwita Djamila. Alipanga rezo ya zahanati mbili na shule moja, na kila mahali aliuliza kwanza watu hungojea wapi.

Mwezi wa nane ukaisha, mwezi wa kumi, Noeli ikapita.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kwanza, mwaka 2018, simu ilipigwa kwa namba ya Zambia. Idriss alikuwa Nchelenge, kambini. Alikuwa amevuka na watu wengi, mwenzake akiwa ameachwa njiani kwenye kaburi ambalo Idriss alilichimba kwa sahani. Yeye mwenyewe mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Hayo aliyasema kwa dakika mbili, kisha wote wawili wakabaki wakisikiliza laini mpaka ikakatika.

Alirudi mwezi wa nne, kwa meli ya mizigo kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, iliyochelewa siku sita kwa sababu ya upepo. Djamila alimpokea bandarini, na safari hii alimkumbatia mbele ya makuli wote. Alikuwa mwepesi. Alinuka samaki wakavu na sabuni ya watu wengine.

Mwanamisi alimpikia bukari, yaani ugali, na kuku, akakaa mbele yake akimhesabia matonge. Idriss alikula kidogo, akashukuru, akaomba kulala. Alilala siku ile, na siku iliyofuata, na siku nyingi baada ya hapo. Aliamka kula na kuswali, na alipoulizwa juu ya njia alisema, "Nitakuambia," kwa upole, kisha akageukia ukuta.

Djamila hakumharakisha. Alirudi kazini, jioni akaja, akavua viatu, akakaa kizingitini mwa chumba akisikiliza pumzi za mume wake. Alikuwa hapo, hatua mbili. Na bado alimtamani, kama vile ile meli haijatia nanga. Mara moja, katika juma la tatu, Idriss alifumbua macho akamkuta amekaa pale.

"Unangoja nini?" alimuuliza.

"Wewe," alisema Djamila.

Idriss alisogea upande wa ukuta. Akaacha nafasi kitandani, akaanza kumwambia habari ya Kiambi.